Kijahazi cha Mbao: Kipi Ukichonge, Kipi Ukichape

Mtu akishaamua kuunda kijahazi cha mbao cha kuweka sebuleni, habari ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na mataruma (mbavu zake) huisha mapema: mbao ni mbao, hakuna ubishi. Ubishi huanza mwili wa chombo ukishakauka gundi, pale anapotazama vidude vilivyobaki: makapi ya kamba (vipande vyenye tundu vya kupitishia kamba), nanga, pipa la maji, macho ya omoni (mbele ya chombo), ubao wa jina, nakshi za tezini (nyuma yake). Zamani vyote hivyo vilikuwa na njia moja tu, kisu na subira. Siku hizi printa ya 3D imeingia majumbani. Mwenye printa anataka kuchapa kila kitu, na fundi wa kisu anaapa kwamba plastiki haitapanda sitaha yake.

Mimi natumia vyote, na msimamo wangu nautaja kabisa ili usome ukiujua. Printa ifanye vitu ambavyo kwenye chombo halisi vilikuwa chuma, au vitu vilivyo vingi na vinavyofanana. Mkono ufanye vilivyokuwa mbao, na chochote kinachovutwa na kamba. Jahazi letu la pwani lina vitu vichache sana vya kundi la kwanza. Ndiyo maana anayeunda jahazi la Lamu na anayeunda manowari ya Ulaya ya karne ya 17 hawafai kupewa ushauri mmoja, ingawa wote wawili wanauliza swali lile lile: ninunue printa au nisinunue?

Skeli kwanza

Usinunue chochote kabla ya kuchagua skeli. Jahazi la mita 15, kwa skeli ya 1:50, ni sentimita 30. Linakaa juu ya kabati na hakuna atakayelalamika. Kwa 1:24 linafika sentimita 62 na nusu, na hapo hujahesabu foromali, yaani mti unaobeba tanga, ambayo hutokeza mbele na nyuma. Hiyo ni meza nzima, na mwenye nyumba atataka kujua meza imekwenda wapi.

Lakini nafasi si hoja kubwa. Hoja kubwa ni vidude vitabaki na ukubwa gani. Vipimo halisi kwenye jedwali hili ni makadirio yangu kwa jahazi la kiasi hicho. Ukiwa na michoro ya chombo chako, fuata michoro.

| Kidude | Kwenye chombo | Kwa 1:24 | Kwa 1:50 |
|---|---|---|---|
| Kapi kubwa la henza (kamba ya kupandishia tanga) | sm 30 | mm 12.5 | mm 6 |
| Kapi dogo | sm 12 | mm 5 | mm 2.4 |
| Nanga, urefu | sm 120 | mm 50 | mm 24 |
| Nanga, unene wa mti (shina) wake | sm 5 | mm 2 | mm 1 |
| Jicho la omoni, kipenyo | sm 40 | mm 17 | mm 8 |
| Mstari wa nakshi, upana | sm 2 | mm 0.8 | mm 0.4 |

Tazama mstari wa mwisho. Mdomo wa kawaida wa printa ya filamenti, ile inayoyeyusha waya wa plastiki, una tundu la milimita 0.4. Kwa 1:50 mstari wako wote wa nakshi ni upana wa mdomo huo mmoja, kwa hiyo printa haina nafasi ya kuchora chochote. Inaweka uzi mmoja na kuondoka. Kwa 1:24 inapata nyuzi mbili, na kitu kinaanza kusomeka. Skrini za printa za resini, zile zinazogandisha majimaji kwa mwanga, zina chembe (pikseli) zenye upana wa milimita 0.05 au chini ya hapo, kwa hiyo mstari huo huo wa 0.4 unapata chembe nane au zaidi. Watu wengi hununua printa ya filamenti kwa sababu ya bei, wakachagua 1:50 kwa sababu ya nafasi, kisha wakashangaa kwa nini nakshi inatoka kama uji. Skeli na printa huchaguliwa pamoja.

Filamenti na resini, kwa maneno machache

Printa ya filamenti huyeyusha waya wa plastiki na kuuchora tabaka juu ya tabaka, kwa kawaida milimita 0.2 kila tabaka, au 0.1 ukiwa na subira. Plastiki inayotumika zaidi ni PLA. Haina harufu kali, haihitaji glavu, na ukimaliza unazima na kwenda kulala. Kasoro yake ni mistari ya tabaka, ambayo huonekana zaidi kwenye sehemu zenye mviringo, na udhaifu wake kati ya tabaka na tabaka: ukivuta upande usiofaa, kitu kinaachana hapo hapo.

Printa ya resini ina beseni la majimaji na skrini chini yake. Mwanga wa UV hugandisha tabaka zima kwa pigo moja. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wawe wameshanunua: muda wa resini unategemea urefu wa kitu kwenda juu, hautegemei idadi. Makapi ya milimita 6, kwa tabaka za 0.05, ni tabaka 120. Kila tabaka ikichukua sekunde nane, ni dakika kumi na sita, ukiongeza kidogo kwa nguzo za kuegemeza. Uchape kapi moja au ujaze sahani nzima, muda ni ule ule. Kwa filamenti kila kapi linaongeza muda wake.

Upande wa pili wa resini ni uchafu. Ikiwa mbichi hudhuru ngozi, na mzio ukishaingia hautoki. Glavu za naitrili ni lazima na dirisha liwe wazi. Kitu kikitoka kinaoshwa kwa alkoholi ya isopropili, kisha kinaanikwa kwenye mwanga wa UV kimalize kuganda. Sisi wa karibu na ikweta tuna taa hiyo ya bure: jua. Mabaki ya resini na alkoholi chafu usimwage kwenye sinki wala mtaroni, maana mtaro wa mji wa pwani unajulikana unaishia wapi. Yaanike juani mpaka yagande, ndipo uyatupe yakiwa yabisi. Kama unaishi chumba kimoja na watoto wadogo, kwangu mimi hoja imeishia hapo: usiingize resini ndani.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. PLA hulainika kwenye nyuzi joto kama 60, na gari lililofungwa juani Dar es Salaam au Mombasa hufika huko bila shida. Kijahazi kilichosafirishwa kwenye dashibodi hufika na nanga iliyolala. Filamenti pia hunyonya unyevu. Ikilowa, mdomo hutoa mlio wa kupasukapasuka, uzi hutoka na vipovu na kazi inakuwa na nywele. Iweke kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Makapi

Hapa ndipo ulinganisho unapouma, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kapi la jahazi ni mbao, na kazi yake ni kuvutwa. Kwenye kijahazi pia linavutwa, kwa sababu henza na demani (kamba ya kukazia tanga) usipozikaza tanga linaning'inia ovyo. Kapi la PLA lililochapwa limesimama hupasuka kwenye tundu unapokaza uzi, kati ya tabaka na tabaka. Lichape limelala, mvuto uende sambamba na tabaka, na litashika. Hata hivyo PLA ina tabia ya kurefuka polepole ikivutwa muda mrefu, hasa chumba kikiwa na joto. Baada ya miezi kamba zinalegea na hujui kwa nini. Resini ya kawaida haina tabia hiyo sana, ila ni kavu: ukingo wa tundu hukatika kama umekaza kwa nguvu, na hukatika siku unapofunga fundo la mwisho. Ziko resini ngumu zaidi zenye kupinda kidogo, nazo zinafaa, kwa bei ya juu.

Kwa uzito wa plastiki hutafilisika. Kapi la milimita nne kila upande ni chini ya gramu 0.1 ya PLA. Makapi mia hayafiki gramu kumi, kutoka kwenye rola ya kilo moja. Kwa hiyo hoja ya kuokoa malighafi haina uzito kwa upande wowote. Hoja ni muda, nguvu na sura.

Sasa mkono. Chukua kijiti cha mpera au mlimau, kilichokauka sawasawa, upana wa milimita 6 na unene wa 4. Miti hii ina nyuzi za karibu-karibu, haibomoki kwenye kona. Mvule na mninga ni mbao nzuri za jahazi halisi, ila kwa ukubwa huu nyuzi zake ni kubwa mno. Kapi lote linaweza kuwa na nyuzi tatu tu na likapasuka katikati. Kama una rafiki mchonga vinyago, mwombe vipande vya mpingo anavyotupa. Mpingo ni mzito na mgumu, unashika tundu la milimita 0.8 bila kupasuka, na hauhitaji rangi.

Usikate kapi moja moja. Fanya kazi yote kijiti kikiwa kizima: piga mfereji mwembamba pande mbili kwa ncha ya tupa ya pembetatu, ndimo uzi wa kufungia utakamolala, toboa matundu kwa nafasi sawa, tia alama ya mpaka kwa msumeno mdogo bila kukata hadi mwisho, viringisha kona kwa msasa wa namba 400, ndipo ukate. Yakishakatika, yatie kwenye kopo ulilolitandika msasa ndani, funga kifuniko, lishike kwenye drili na ulizungushe polepole. Yanatoka yamelainika pande zote, na yametofautiana kidogo, kama yanavyotofautiana kwenye chombo cha kweli.

Jahazi la mlingoti mmoja lina makapi machache. Jioni moja inatosha kwa utaratibu huo, na kuchora faili la kapi kwenye kompyuta peke yake kungekula jioni hiyo hiyo. Kwa jahazi, basi, mkono unashinda bila mjadala. Ukiunda HMS Victory, manowari ya zamani ya Uingereza yenye milingoti mitatu na makapi kwa mamia, hesabu inageuka: chonga yale makubwa yanayobeba mvuto, chapa kwa resini yale madogo yanayokaa juu ambako jicho halifiki.

Kuna filamenti yenye unga wa mbao ndani, na wauzaji huisifu sana kwa kazi kama hii. Unga huo mara nyingi huziba mdomo wa 0.4, ikabidi utumie wa 0.6, na kwa mdomo wa 0.6 kapi dogo la 1:50 linatoka kama punje ya mchele. Kwa 1:24, kwenye masanduku na mapipa, inaweza kupendeza. Kwa makapi, hapana.

Nanga na vyuma vingine

Nanga ya jahazi, ile yenye kucha nne, ilikuwa chuma. Kwa kanuni yangu ingechapwa. Na kwa 1:24 ndivyo: mti wa milimita 2 unashika hata kwa PLA, ukipaka praima (rangi ya kwanza ya kushikia), kisha rangi nyeusi, kisha ukapitisha brashi karibu kavu yenye rangi ya kutu, mtu ataigusa ajue kama ni chuma. Kwa 1:50 mti ni milimita 1, kucha zake ni nyembamba zaidi, na kitu hicho kilichochapwa kitavunjika siku ya kwanza mtoto atakapokipitia. Hapo nenda kwa fundi umeme, omba mabaki ya waya wa shaba, vua ganda, kunja vipande vinne, vifunge na kuvilehemu kwa risasi pale vinapokutana. Ni kazi ya robo saa na nanga itakuzidi umri.

Ukiwa na baura, yaani nanga ya kizungu yenye kucha mbili bapa, resini ni bora kuliko waya, kwa sababu mabapa yale ni magumu kufua kwa shaba kwa ukubwa huo.

Mizinga ni kitu kingine kabisa. Jahazi halina, lakini anayeunda Vasa, ile manowari ya Sweden iliyozama mjini Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, ana mizinga 64 mbele yake, mingi ikifanana. Kuchonga mizinga mingi kiasi hicho iliyo sawasawa kwa mkono ni adhabu. Chapa mmoja vizuri, umesimama wima ili mistari ya tabaka ifuate pete za mzinga, kisha zidisha. Kwa kazi hii printa ya resini inajilipa yenyewe.

Nakshi

Ukiniuliza ni chombo gani cha bahari yetu kinachostahili printa ya resini, nitakujibu: bagala au ghanja. Vyombo hivi vikubwa vya Oman na Ghuba vilikuwa na tezi pana iliyokatwa bapa, yenye madirisha na nakshi za kuchongwa. Omoni vinatofautiana, na fundi wa mfano asipolijua hili atachekwa: ghanja kwa kawaida ina pambo la kuchongwa lenye umbo la majani matatu juu ya omo, bagala ina kichwa kifupi cha kawaida. Anayetaka kuona ghanja kwa macho yake aende Sur, Oman. Fatah al-Khair, iliyoundwa huko mwaka 1951, ilirudishwa kutoka Yemen mwaka 1993 na sasa inatazamwa nchi kavu.

Nakshi za tezi ile, kwa 1:50, ni maua na mizunguko yenye mistari ya chini ya nusu milimita. Mchongaji hodari wa milango ya Zanzibar au Lamu angeweza, akiwa na patasi alizojitengenezea kwa sindano. Mimi siwezi, na nadhani wengi wetu hatuwezi. Kwa resini unaichora nakshi mara moja kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, upande mmoja tu, unaigeuza kama kwenye kioo kupata upande wa pili, na pande zote mbili zinatoka zimelingana. Chapa ubao wa nakshi ukiwa umeegemea kwa pembe, usiwe umelala bapa kwenye sahani, la sivyo tabaka za mwanzo zitavimba na kufuta mistari. Nguzo za kuegemeza ziweke nyuma, upande utakaopakwa gundi.

Kwa Vasa, iliyokuwa na mamia ya sanamu na mapambo na ambayo leo iko kwenye makumbusho yake Stockholm, sioni mtu wa kawaida akimaliza bila printa. Ila kumbuka kwamba sanamu zile zilipakwa rangi kali zilipokuwa mpya. Ukizichapa halafu ukazipaka rangi ya dhahabu tupu utakuwa umechapa hadithi ya watu wa baadaye.

Jahazi la Lamu lenyewe halina haja hiyo. Uzuri wake uko kwenye mstari wa omo uliosimama wima, kwenye mlingoti unaoinamia mbele, kwenye mikeka inayofungwa ubavuni kuzuia maji ya mawimbi. Mikeka hiyo usijaribu kuichapa. Suka uzi wa kitani juu ya kipande cha kadi, ukate. Na anayeunda mtepe, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, printa aifunike kitambaa kabisa. Mtepe wote ni mshono. Hakuna kidude cha kuchapa isipokuwa kalibu, yaani kifaa cha kuongozea kazi, na nitakuja huko.

Mabaharia ni jambo dogo lakini linaudhi. Resini hutoa binadamu wa milimita 34 mwenye vidole na pua, vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba faili za bure mtandaoni ni za Wazungu wenye kofia za pembe tatu. Nahodha mwenye kikoi na kofia ya kiua itabidi umchonge mwenyewe, kwenye kompyuta au kwa kisu.

Karatasi inasahaulika

Watu wakisikia kuchapa wanawaza 3D tu, wakati printa ya kawaida ya ofisini inafanya nusu ya kazi za jahazi. Macho ya omoni ni duara lililopakwa rangi, wengine hutia mwezi na nyota. Kwa 1:50 ni milimita 8. Chora kwenye kompyuta, chapa kwa printa ya leza, kata kwa mkasi mdogo, bandika juu ya kijiduara cha mbao nyembamba, pitisha vanishi. Ubao wa jina vivyo hivyo: hakuna mkono unaoandika herufi za milimita 2 kwa unadhifu huo.

Leza, si ya wino. Wino wa printa hiyo hutapakaa vanishi inapopita juu yake. Kama huna njia nyingine, puliza kwanza vanishi ya kopo kwa mbali, mara mbili tatu, kila mara uache ikauke.

Michoro ya chombo nayo huchapwa kwenye karatasi, na hapo chora mstari wa milimita 100 pembeni ya kila ukurasa. Ukishachapa, upime kwa rula. Programu nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uenee kwenye karatasi bila kukuuliza, na taruma lililokatwa kwa mchoro uliopungua kwa asilimia tatu halitakaa kwenye mkuku uliokatwa kwa mchoro wa sawasawa.

Chapa kalibu, si kidude

Kitu chenye faida kubwa kuliko vyote kilichotoka kwenye printa yangu hakimo kwenye kijahazi chochote. Ni kalibu. Kwa kalibu printa ya filamenti, ile ya bei nafuu na mistari yake, inatosha na kuzidi.

Kalibu ya kutobolea kijiti cha makapi, yenye matundu kwa nafasi sawa, hukuondolea kupima. Mikono ya kukamatia ubao wa ubavuni wakati gundi inakauka, iliyochapwa kwa kufuata unene wa taruma lako hasa, inashinda vibanio vya nguo ambavyo huteleza kila mara. Kitako cha msasa chenye mviringo wa ubavu wa chombo hulainisha mbao bila kuacha mabonde. Na kwa mtepe, kichane cha kutobolea matundu ya mshono, ili kila tundu likae umbali ule ule kutoka ukingoni, huokoa macho na akili. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji rangi wala praima, na mistari ya tabaka haimsumbui mtu.

Vitu hivi huchorwa kwenye Tinkercad ndani ya kivinjari, bila malipo, na hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza. Kwa hiyo kwa mtu wa jahazi mwenye pesa ya printa moja, nasema filamenti, na sababu yangu ni kalibu wala si mapambo.

Gundi na rangi

Gundi nyeupe ya seremala haishiki plastiki. Inaonekana imeshika, kisha kidude kinadondoka. Kwaruza upande wa plastiki kwa msasa, tumia epoksi ya mirija miwili kwa vitu vizito, na supaglu tone moja kwa vidogo. Supaglu ikizidi huacha ukungu mweupe juu ya mbao nyeusi, na juu ya mpingo ni aibu.

Plastiki na resini zote zipakwe praima. Resini isiyopakwa huendelea kugeuka manjano na kukauka ikipigwa na mwanga wa dirishani, rangi huikinga. Mbao zenyewe usizifunike kwa rangi nzito ili zifanane na plastiki. Ni kinyume chake: plastiki ndiyo ifuate mbao.

Je, plastiki ni kosa?

Wapo wanaosema kijahazi chenye plastiki si kijahazi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, chini ya Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita kama 9 kilichoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa vipande vya ndara zilizookotwa, na mapema mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Mataruma yake yalikuwa plastiki, lakini yaliunganishwa kwa ufundi wa kuunda majahazi ule ule. Baada ya hapo sidhani kuna mtu mwenye haki ya kuninunia kwa nanga ya milimita hamsini. Swali langu kwa kidude chochote ni kama kinashika kamba na kama jicho linakikubali kwa umbali wa mkono mmoja.

Basi uchukue kipi

Ukiunda jahazi, mashua au mtepe kwa 1:50, usinunue printa ya 3D kwanza. Nunua tupa ndogo, vichwa vya drili vya milimita 0.6 hadi 1, na mpera uliokauka; macho na jina vikachapwe steshenari. Kwa 1:24, au kama unapanga kuunda vingi, filamenti kwa ajili ya kalibu, nanga na mapipa. Kwa bagala, ghanja, Vasa na jamaa zake, resini, iwapo tu una kibaraza au chumba cha kando chenye hewa. Umeme wa kwako ukikatika ovyo, hilo nalo linaelekeza kwenye kazi fupi za resini kuliko kazi ya filamenti inayochukua muda wa saa tisa. Printa nyingi za filamenti huendelea zilipoachia umeme ukirudi, lakini huacha alama ya mshono pale ziliposimama.

Na si lazima kumiliki printa. Nairobi ina karakana ya Gearbox, na ina AB3D, kampuni iliyoanza kwa kuunda printa kutokana na taka za kielektroniki. Miji mingine mikubwa ina vijana wanaochapa kwa kulipwa. Ukipeleka kazi, peleka faili la STL, yaani faili la umbo la 3D, taja kwamba vipimo ni milimita, maana faili hilo halibebi kipimo ndani yake na kapi la milimita 6 laweza kurudi likiwa la inchi 6. Sema unataka resini au filamenti, sema unene wa tabaka, na umwambie asikate nguzo za kuegemeza, utazikata mwenyewe kwa wembe, polepole. Kisha mwambie akuchapie kapi moja kabla ya mengine, ulipitishe uzi wa poliesta, ulivute mbele yake, ndipo ulipie yaliyobaki.